Tewari ya Scotch Rolex: rivyu zote zinasifia, ila kuna aliyewasikiliza marapa?

DogoWaMagomeni:
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikera muda sasa, naomba tujadili kistaarabu maana najua humu kuna watu wa muziki wa ajabu ajabu kama mimi.

Albamu ya Tewari ya Scotch Rolex, ilitoka 2021 chini ya Hakuna Kulala ya Kampala, hiyo ni leboli dada ya Nyege Nyege Tapes wale waliotoa Sounds of Sisso 2017 mpaka singeli ikaanza kupigwa Ulaya. Mwenye albamu ni Mjapani anayeishi Berlin, Shigeru Ishihara, zamani akijiita DJ Scotch Egg alikuwa anapiga gabba (tekno ya kasi na fujo) kwa kutumia Game Boy, zile zile za kuchezea gemu, siyo utani. Akaenda Kampala akakaa studio ya leboli akagonga kazi na rapa MC Yallah, Lord Spikeheart wa Duma (kundi la metal la Nairobi), MC Swordman Kitala, na maprodyuza Chrisman na Don Zilla. Na jina akabadili huko huko, akatoka kwenye yai la Waskoti akahamia yai la kuviringishwa na chapati la Waganda lol.

Mimi albamu naipenda sana, Omuzira, ule wimbo wa Yallah, sijui nimeirudia mara ngapi. Shida yangu ni rivyu. Nilizosoma mimi zote zinaisifia, sikatai, ila zimekaa kama zimeandikwa na mtu mmoja. Aya mbili historia ya Mjapani, aya moja Kampala ilivyo mji wa moto, kisha orodha ya mitindo, trap, metal, gqom ya Sauzi, dansehol, indastrio, basi imeisha. MC Yallah anapewa nusu sentensi kwamba anachana kwa kasi. Sawa, kwa kasi, anasema nini? Anaingiaje kwenye biti? Huyu dada kazaliwa Kenya kakulia Uganda, anachana Kiluganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, yupo kwenye gemu tangu miaka ya tisini inaisha, yaani kabla hiyo leboli haijawazwa. Ingekuwa rapa wa New York wangehesabu mpaka vina.

Ni mimi tu naona hivyo au na nyie?

mzee_wa_santuri:
Mdogo wangu nakuelewa ila naona unawaonea hao waandishi. Hii siyo albamu ya hip hop ya kukaa chini kuchambua mistari, ni muziki wa majaribio, sauti ya mtu humo ni chombo kama ngoma au besi. Lord Spikeheart kwenye Success anaunguruma, nani anashika neno? Hakuna, na hakuna anayelalamika. Sisi wenyewe tumekulia kwenye Franco na Tabu Ley, nusu ya ukumbi haijui Kilingala na watu walikuwa wanacheza mpaka asubuhi. Mbona hatukudai tafsiri?

Halafu kumbuka mtu yuko Manchester anaandika rivyu kwa malipo kiduchu, Kiluganda atakitoa wapi.

DogoWaMagomeni:
Shikamoo mzee wangu. Hapo kwa Franco ndipo ninapokushika lakini. Mario ya 1985 kila mtu Dar alijua ni habari ya kijana anayelelewa na mama wa watu, na Kilingala walikuwa hawajui. Walijuaje? Waliuliza! Mkongomani mmoja mtaani alikuwa anatosha kutafsiria mtaa mzima. Huyo wa Manchester ana barua pepe, angemwandikia Yallah akamuuliza dada hii beti ya pili unamsema nani. Ni saa moja ya kazi.

Nakawa_ndani:
Mimi niko Kampala, na Kiswahili changu mnivumilie kidogo. Watu wanapenda kusema "hata Uganda hawaijui hii albamu" kama vile sisi tulisikiliza tukaikataa. Angalieni tarehe jamani. Imetoka Aprili 2021. Huku baa na klabu zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa Januari 2022, karibu miaka miwili hakuna klabu. Tamasha lenyewe la Nyege Nyege kule Jinja halikufanyika kawaida. Sasa muziki kama huu uliotengenezwa kwa spika kubwa ungesikika wapi? Kwenye simu? Ukiweka Omuzira kwenye simu unasikia kitu kama mtu anakwaruza sufuria na dada anaongea juu yake, ile besi ambayo ndiyo imebeba nyimbo nzima haitoki kabisa.

Kwa hiyo wa kwanza kuisikia vizuri walikuwa watu wenye hedfoni nzuri na spika nzuri nyumbani, na hao wengi wako Ulaya. Wakaandika wao. Sisi tuliisikia kwa ukubwa wake mwaka uliofuata na wakati huo rivyu zilishaandikwa zimeisha, hakuna anayerudi kuandika albamu ya mwaka jana.

Jambo lingine, wanaosikiliza Luga Flow hapa, yaani rapu ya Kiluganda toka enzi za Babaluku na Bataka Squad, Yallah wanamjua na wanamheshimu, ila wengi wanataka biti ya kichwa kutingisha. Hii ya Mjapani wanasema imeharibika. Nimeshamsikia bwana mmoja anauliza kama faili ina shida.

fundi_mitambo:
Hahaha faili ina shida. Ila Nakawa yuko sahihi kabisa, spika ya simu sauti za chini ya Hz 100 ni kama haina, na kiki (ule mdundo mzito wa ngoma) na besi za hii albamu zimejaa huko huko. Kisha wamezipitisha kwenye distoshen, yaani kuichafua sauti, makusudi ili zichanike. Ukiwa na sabufa ile mikwaruzo inakaa juu ya kitu kizito, inaeleweka. Ukiwa huna inabaki mikwaruzo peke yake.

Na hili litajibu kidogo la mleta mada. Sikiliza sauti ya Yallah ilivyowekwa. Kwenye hip hop ya kawaida rapa anakaa mbele, biti nyuma, kila silabi inang'aa. Hapa wamemzamisha ndani ya biti, inabidi apigane nayo. Anafanyaje? Haongezi sauti, anakata maneno mafupi mafupi na konsonanti ngumu, zile t na k zinapita kwenye matundu ambayo besi imeyaacha. Pumzi anavuta pale kiki inapodondoka kwa hiyo huisikii akivuta. Hiyo ni akili ya mtu aliyechana miaka mingi kwenye maiki mbovu, haifundishiki studio. Mwandishi akisema "kasi" tu amekosa utamu wote, maana kasi mtu yeyote anaweza kufanya mazoezi akaipata. Na ili uyaone hayo huhitaji kujua Kiluganda hata neno moja, ndiyo maana kisingizio cha mzee_wa_santuri mimi nakikataa kwa heshima zote.

mzee_wa_santuri:
Marahaba wote. Fundi hapo umenipeleka mbio, nitairudia leo usiku kwa sabufa. Ila kwa Spikeheart nasimama pale pale.

Rongai_chuma:
Wasee mimi natoka upande wa metal wa Nairobi so wacha niongee kuhusu Spikeheart. Albamu ya Duma ilitoka Agosti 2020, yeye na Sam Karugu, ikaingia kwa orodha kadhaa za mwisho wa mwaka huko nje, na hapa Nairobi msee wa kawaida hajawahi sikia. Lakini venye Duma iliandikwa iliandikwa poa, juu jina lilikuwa lao. Hao wawili ndio walikuwa albamu, mwandishi hakuwa na mtu mwingine wa kujificha nyuma yake.

Na hapo ndio naona shida ya Tewari iko, siyo lugha wala nini. Ni jina kwa kava. Kava ni ya Scotch Rolex, wengine wote ni wageni waalikwa. Mwandishi anachukua jina la kwa kava anaenda kutafuta historia yake, anarudi anaandika. Kama unabisha fanya hii hesabu. Albamu ya Kubali ya 2019 iko na majina mawili, MC Yallah na Debmaster yule Mfaransa, wakagawana sifa nusu kwa nusu. Halafu 2023 Yallah akatoa Yallah Beibe, jina lake peke yake, leboli ni ile ile, na maprodyuza ni Debmaster, Chrisman, na huyo huyo Scotch Rolex! Ghafla kila mtu anaandika Yallah ni nani, ametoka wapi, anachana lugha gani, amepitia nini. Dada ni yule yule, Mjapani ni yule yule, kilichobadilika ni nani ameandikwa juu.

So mimi silaumu tu mwandishi, hata leboli inajua kava inafanya kazi gani.

Nakawa_ndani:
Hii ya kava sikuwa nimeifikiria hivyo na nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba Ishihara naye kafanya kazi, msimfanye kama mtalii aliyekuja kupiga picha. Biti zile ni zake, na ukisikiliza anachompa Kitala na anachompa Yallah ni vitu tofauti kabisa, amemsikiliza kila mtu. Kuna maprodyuza wanakuja hapa na biti zimeshapikwa Ulaya wanataka sauti ya Kiafrika ya kupaka juu. Huyu hakufanya hivyo, ndiyo maana tunaigombania hii albamu mpaka leo na zile zingine tumezisahau.

mwana_ya_Kivu:
Bandugu, mi niko Goma. Banasema albamu ya Uganda na Japani, lakini Chrisman ni mwana wa huku kwetu. Cheza ndiyo wimbo ya kwanza watu huku walipendaga juu inachezeka, zile zingine ni kelele ya kichwa (nzuri lakini kelele). Sijaona mahali waliandika mingi juu yake. Prodyuza akisaidia prodyuza mwingine nani anaona?

fundi_mitambo:
mwana_ya_Kivu hapo umegusa donda. Rapa angalau anasikika. Prodyuza mwalikwa kwenye albamu ya prodyuza mwenzake ndiyo anapotea kabisa, msomaji anadhani kila sauti imetoka kwa mwenye kava. Kwenye Cheza kiki zinavyoruka, nikiilinganisha na kazi za Chrisman mwenyewe, mkono wake upo, ila lazima uwe umezisikiliza hizo kazi kwanza ndipo uugundue.

DogoWaMagomeni:
Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba. Rongai_chuma hiyo hoja ya kava imenikaa, nimerudi kuangalia rivyu mbili za Yallah Beibe na kweli, dada anaandikwa kama rapa, mmoja hadi kazungumzia anavyobadili lugha katikati ya mstari. Bado hakuuliza maana lakini ni hatua.

Ila sasa na sisi tunaandika wapi? Magazeti yetu ukurasa wa burudani ni nani kaachana na nani. Rivyu ya albamu kwa Kiswahili, mtu akae aichambue wimbo kwa wimbo, mara ya mwisho kuiona sikumbuki. Hapa tu kwenye uzi huu kuna uchambuzi wa sauti ya Yallah kuliko kwenye hizo rivyu zote nilizosoma, na umeandikwa na fundi mitambo kwa simu.

fundi_mitambo:
Kwa simu na chaji asilimia nne mkuu.

mzee_wa_santuri:
Nimeisikiliza kwa sabufa. Jirani kaja kugonga mlango kwenye Success. Fundi ile habari ya pumzi ni kweli tupu, nimeitafuta kwenye Juice pia nimeikuta. Nakawa, hebu tafadhali sana nisaidie, kwenye Omuzira beti ya kwanza anasema nini?

Nakawa_ndani:
Kwanza nitoke kazini ssebo, halafu naandika mstari kwa mstari. Kama kaingiza Kijaluo popote mtatafuta mtu mwingine.

Rongai_chuma:
Kijaluo niachieni, nitampigia bibi yangu.