Tupeane uzoefu: kampuni ya ujenzi ya familia, nini kiandikwe mzee akiwa bado anashinda saiti

Pima Maji (mwenye uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Dar ina kampuni nyingi za ujenzi zilizoanza na babu mwenye mwiko na timazi, baba akazikatia usajili, sasa wajukuu wamerudi na shahada zao. Shida inajulikana: vipimo, bei, majina ya mafundi, hata neno la siri la mtandaoni, vyote viko kichwani mwa mzee mmoja. Uzi huu ni wa vipimo na taratibu tu. Hadithi za maisha ziwekwe uzi mwingine. Naanza na zege, maana huko ndiko pesa inakovuja.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Piga boksi la mbao ambalo kwa ndani ni sentimita 40 kwa 35, kina 25: hilo ni sawa na mfuko mmoja. Zege la 1:2:4 ni mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Kama saiti ina ndoo za lita 20 peke yake, weka ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, zisawazishwe kwa ubao mdomoni. Karai halifai kupimia. Karai la asubuhi si la saa tisa mchana, mikono ikishachoka. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umenyeshewa punguza, kwa sababu una maji yake tayari. Tena mchanga wenye unyevu huvimba: boksi linaonekana limejaa kumbe mchanga wenyewe umepungua hata robo.

Hesabu ya kumfundisha kijana: slebu (sakafu ya zege lenye nondo) ya mita 10 kwa 12, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 18. Kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na nusu, jumla 117. Ongeza 5% ya kumwagika, inafika 123. Stoo ikitoa 140, uliza. Ikitoa 95, uliza zaidi.

Mama Stoo

Naongezea hapo kwa mwenye uzi. Stoo isitoe mifuko mipya kabla mitupu ya jana haijarudi na kuhesabiwa. Ni utaratibu wa wazee, watu wanauona ushamba, lakini mfuko uliouzwa ng'ambo ya uzio haurudi mtupu.

Nondo zipimwe kwa mizani zikishuka kwenye gari. Kanuni: kipenyo kwa milimita, zidisha chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Milimita 10 ni kilo 0.617, ya 12 ni 0.889, ya 16 ni 1.58. Nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe kilo 10.7 hivi, yaani tani moja inatoa nondo kama 94. Ukipima ukakuta kilo 9, hiyo ni ya milimita 11 imevaa jina la 12, na umepoteza karibu 16% ya chuma ambacho mhandisi amekihesabia kwenye nguzo. Muuzaji akisema "zote ziko hivyo siku hizi", mrudishie zote.

Na tofali za kununua: la inchi 6 kwa 9 kwa 18 lina lita 16. Anayejisifu kutoa tofali 40 kwa mfuko mmoja ametengeneza lita 640 kwa lita 35 za saruji. Huo ni uwiano unaozidi 1 kwa 18. Gawanyeni wenyewe.

Deiwaka

Boksi mnaliandika tu humu. Siku ya kumwaga slebu mashine mbili zinanguruma, watu 40, mvua inatishia kutoka upande wa Pugu. Nani atasimama na boksi?

Pima Maji

Swali zuri, mkuu. Siku hiyo boksi halibebwi. Jana yake jioni mnamwaga maboksi mawili ndani ya toroli, mnasawazisha, mnapiga mstari wa rangi ndani yake. Kila toroli linapigwa wake, maana hayalingani. Mashine inapokea toroli moja la mchanga na mawili ya kokoto kwa mfuko. Msimamizi anaangalia mstari tu.

Ng'ambo ya Feri

Kwa wanaojenga Kigamboni, Mbezi Beach na kote kulikokaribia bahari: kisima kikiwa na chumvi, maji yake yasiguse zege lenye nondo. Nunueni ya bomba au ya boza. Mchanga wa ufukweni vilevile, achana nao. Chumvi haiui zege, inaila nondo. Nondo ikipata kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo zile nyufa zinazofuata urefu wa boriti kwenye nyumba ambayo bado inaonekana mpya. Kati ya nondo na nje kuwe na zege milimita 40 au 50, na zishikiliwe na vitofali vidogo vya zege vilivyofungwa kwa waya. Kipande cha tofali bovu au kijiti hakifai, kinakuwa njia ya maji.

Kumwagilia siku saba, asubuhi na jioni, au tandika magunia yawe mabichi muda wote. Jua la Januari hapa Dar halina huruma na slebu.

Leja na Kalamu

Wote mmekaa kwenye saruji, mimi nasema makaratasi, kwa sababu huko ndiko kampuni za ukoo zinakofia.

Kwanza, jina la biashara la mtu mmoja halina uhai wake. Mwenyewe akifariki, mali na madeni vinaingia kwenye mirathi. Kikao cha ukoo kikae, kimpendekeze msimamizi, mahakama imteue. Muda wote huo akaunti haiguswi na mafundi wanataka Jumamosi yao. Kampuni yenye hisa iliyosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) haifi na mtu, ingawa hisa za marehemu nazo hupitia kwa msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo sehemu ya hisa ihamishwe mzee akiwa na nguvu zake, wakurugenzi wawe zaidi ya mmoja, na benki iwe na watia saini watatu, wawili wowote watosheleze.

Pili, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, ina madaraja saba, na kila daraja linataka mtaalamu mwenye sifa zake. Kama mtaalamu pekee ni mzee, siku akiondoka daraja linayumba. Familia yenye watoto watatu, wote wamesomea biashara, itaajiri mhandisi wa nje milele. Si kosa, ila mjue mapema bei yake.

Tatu, pesa inayozuiwa na mteja. Mkataba wa milioni 400 ukizuiwa 5% ni milioni 20. Kwa mikataba mingi nusu hutoka mkikabidhi jengo, nusu baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12. Hiyo nusu ya pili inasahaulika sana, kwa kuwa tarehe iko kwenye faili la mzee kabatini. Iandikwe ukutani.

Nne, kila saiti na akaunti yake. Malipo ya awali ya mteja wa Tabata yakinunua bati za mteja wa Tegeta, umeshaanza kuanguka hata kama hujasikia kishindo.

Tano, akaunti ya NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, na barua pepe yake viwe vya kampuni. Visiwe vya kijana wa steshenari.

Binti Mkandarasi

Na mshahara wa wanafamilia, jamani. Mtoto wa mzee akiwa saiti awekwe kwenye daftari la mahudhurio kama fundi mwingine, alipwe kwa kazi aliyopewa. Kuchota "kidogo kidogo" kwenye droo ndiko kunakoleta ugomvi wa urithi, kwa sababu kila mmoja anakumbuka alichochota mwenzake.

Deiwaka

Sawa, nimewaelewa. Sasa mzee mwenyewe hataki kuandika. Anasema kazi haiko kwenye karatasi.

Mama Stoo

Usimwendee na fomu, mwanangu. Mwamkie, kisha muulize kazi ya kesho, na wewe ndiye uandike. Kila jioni mistari sita: mvua au jua, watu wangapi na wa kazi gani, mifuko iliyotoka na mitupu iliyorudi, kazi iliyofanyika kwa mita, kilichoharibika na sababu, nani anadai. Mirunda ya slebu iliposimamishwa, andika tarehe na kando yake tarehe ya kutolewa, siku 14 hadi 21 kadiri mhandisi atakavyosema. Ukurasa wa mwisho weka namba za mafundi: wa nondo, wa mbao, wa plasta, dereva wa tipa la kokoto za Lugoba. Kisha umsomee. Akikosea mtu tarehe, mzee yeyote wa ujenzi atakurekebisha papo hapo, na hapo hapo unaandika.