Yule fundi wa mswaki leo amenifikia mimi

Ndugu zangu wa Dodoma, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, na sina haja ya kumtaja kwa jina kwa sababu kila mwenye gari kuanzia Kizota hadi Nzuguni anamjua. Amesugua sensa ya hewa ya gari langu, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, kwa mswaki. Mswaki wa meno, mweusi kwa grisi, aliouchomoa kwenye mfuko wa ovaroli!

Jumamosi nilikuwa nimeisafisha mwenyewe nyumbani kama anayeogesha kichanga: niliacha injini ipoe, nikachomoa plagi, nikafungua skrubu zake mbili, nikaipulizia dawa yake maalumu mara 15 bila kuigusa hata kwa ukucha, kisha nikaiacha kivulini hadi ikakauka kabisa. Gari likatulia, likaacha kutetemeka kwenye foleni. Ilibaki taa ya injini tu, nikampelekea aifute kwa mashine yake.

Akaichomoa sensa! Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni safi, na ndani mna waya mwembamba kama unywele, unaopashwa moto ili kompyuta ijue hewa inayoingia ni kiasi gani, hauguswi." Akanijibu mbele ya vijana wake, "Mama, chombo kisichosuguliwa hakitakati," akachovya mswaki kwenye petroli, akasugua. Kila unywele wa mswaki ule ulipita kwenye ini langu. Sasa injini haivuti, inazimika kila nikiachia mafuta. Mswaki, ndugu zangu!

Baba wa Ilazo: Pole sana dada. Yangu aliipuliza kwa kompresa ya matairi, waya ukakatika papo hapo, na bado akanidai hela ya kupuliza.

Dereva wa Mtera: Dada, hapa umejitakia. Mtu aliyeweza kufungua sensa alishindwaje kuchomoa waya hasi wa betri kwa dakika chache? Kwenye magari mengi ya zamani taa hiyo hujifuta yenyewe.

Mwenye uzi: Sikuuliza habari za betri. Nimesema mswaki, wenye petroli, nikiwa nimesimama pale pale.

Mkazi wa Kisasa: Afadhali huyo kuliko wauza vipuri. Mimi niliuziwa dawa ya karbureta nikaambiwa zote ni moja. Ikaacha utando kwenye waya, na plastiki ya sensa ikapauka.

Baba wa Ilazo: Hata dawa halisi ni kazi bure ukifunga chujio la hewa la kupaka mafuta, kwa sababu mafuta yake huhamia kwenye waya, na vumbi likipita linanasa hapo.

Dereva wa Mtera: Umesema vumbi! Chujio nililofunga Julai, leo nikilikung'uta unatoka udongo wa kutosha tuta la mchicha, na upepo wa Agosti ndio kwanza umeanza. Mkazi wa Kisasa, huko kwenu chujio la IST mnanunua shilingi ngapi?