Mjukuu ameacha kanisa, baba yake anataka nimrudishe kwa lazima. Nishaurini

Mwalimu_Mstaafu (Vihiga)
Hamjambo wote. Nilifundisha Historia hadi nikastaafu, sasa niko nyumbani. Mjukuu wangu anasoma chuo Kisumu. Juni 2024 aliandamana na wenzake kupinga Mswada wa Fedha, na rafiki yake akapigwa risasi ya mguu. Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu, mheshimiwa alipewa kipaza sauti, akatoa bahasha, watu wakapiga makofi. Waliouawa hawakutajwa hata kwenye maombi. Kijana alitoka nje kabla ya sadaka na hajarudi tena. Baba yake sasa anasema nimrudishe, la sivyo karo halipi.

Mimi ni mtoto wa kanisa la Marafiki (Quakers), wale ambao wamishonari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Kwetu hakuna ubatizo wa maji, na hakuna kuapa. Marehemu baba aliitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kesi ya shamba. Karani akamnyoshea Biblia. Baba akaweka mikono nyuma, akasema Yesu alikataza kuapa, neno lake ni ndiyo au siyo. Watu wakacheka. Hakimu akamruhusu athibitishe tu, bila kiapo. Nilikuwa mdogo, nimesimama mlangoni, nikaona mtu asiye na cheo chochote akisimama mbele ya serikali bila kutetemeka, kwa sababu ya imani yake.

Ndiyo maana darasani, nilipofika kwenye haki za weusi Marekani, sikuishia kwa Martin Luther King. Niliwaeleza habari za Bayard Rustin, aliyelelewa na bibi yake Pennsylvania kwa mafunzo ya Marafiki hao hao. Alikubali kufungwa jela kuliko kwenda vitani, na ndiye aliyepanga maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000. Nikimtazama mjukuu wangu naona malezi yetu yamezaa, ila yamezalia nje ya kanisa. Nimwambie nini yeye, na baba yake nimwambie nini?

Mama_Milimani (Kisumu)
Pole Mwalimu. Usimlazimishe. Nimekulia ACK, kanisa la Anglikana, hapa Kisumu enzi za Askofu Henry Okullu. Ule upigaji kura wa mlolongo, wa kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea, ulipoletwa, aliupinga waziwazi wakati wengi walikuwa wanaogopa hata kunong'ona. Askofu Muge wa Eldoret naye alikufa barabarani Agosti 1990 akitoka Busia, baada ya waziri kumtishia asikanyage huko. Kanisa lililokuwa na watu kama hao haliwezi kumlaumu kijana kwa kulidai liseme.

Fundi_Shabab (Nakuru)
Mzee wangu, kwa heshima, mnamsahau baba. Sisi wa Nakuru tuliyaona ya 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Mzazi aliyepitia yale, akisikia mtoto yuko barabarani, hawazi haki, anawaza mochari. Huenda kanisa ni kisingizio tu, anachotaka ni kujua mtoto yuko wapi Jumapili. Kaa naye kwanza, nyinyi wawili, kijana asiwepo.

Wakili_Mdogo (Kakamega)
Katiba ya 2010, Kifungu cha 32(4), inasema hakuna mtu atakayelazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani au dini yake. Lakini usimsomee mwanao hiyo, mtagombana hadi Krismasi.

Kijana_Lurambi
Babu, mimi ni rika la mjukuu wako. Bahasha tumezizoea. Kilichouma ni kwamba hakuna mzee aliyesimama siku ile. Ukienda kwake usianze na Marekani wala Okullu, itakuwa hotuba nyingine. Muulize rafiki yake anaendeleaje na mguu. Halafu mwambie utafanya nini wewe, hapo kanisani.

Mwalimu_Mstaafu (Vihiga)
Asanteni sana. Fundi, hilo la mochari limeniingia. Nampigia mwanangu leo jioni, aje peke yake. Kijana wa Lurambi, kikao cha wazee ni mwisho wa mwezi. Nitaleta hoja kwamba mwanasiasa akija akae kwenye benchi kama waumini wengine, na sadaka yake itiwe kikapuni bila kutangazwa. Wapo watakaokataa, kwa sababu paa bado halijaisha. Mwenye kanisa lililokwisha kupitisha jambo kama hili anieleze walilipitishaje, hasa mweka hazina alikubali vipi.