Mjadala: Peptidi za samaki "zilizogunduliwa" kwenye kompyuta tu, zistahili fedha za umma?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Humu najua wamo wanafunzi wa sayansi ya chakula, wamo watu wa mwaloni, na wamo wanaomeza dawa ya presha kila siku kama mimi. Nataka tubishane kwa hoja.

Umeenea utafiti wa namna moja. Mtafiti anachukua mpangilio wa protini ya samaki kutoka hifadhidata ya UniProt, tuseme mayosini (protini ya misuli) ya sato au kolajeni ya ngozi yake. Anaiingiza kwenye programu inayoiga tumbo: kimeng'enya cha pepsini kinakata hapa, cha tripsini kinakata baada ya kila lisini na aginini (ni asidi amino, yaani matofali ya protini), na kadhalika. Vipande vinavyobaki ndizo peptidi. Anazilinganisha na orodha ya BIOPEP, iliyoko chuo kikuu cha Olsztyn huko Poland, inayokusanya peptidi zilizokwisha kuripotiwa kuwa na kazi mwilini. Mwisho anazipachika kwenye umbo la kimeng'enya cha ACE, kile kinachotengeneza angiotensini ya kubana mishipa ya damu, na programu inampa alama. Alama ikiwa nzuri, makala inatoka: samaki huyu ana peptidi za kushusha presha. Samaki mwenyewe hajaguswa.

Msimamo wangu: kazi ya kuishia hapo isipewe hata shilingi ya umma.

Fanyeni hesabu. Asidi amino za kawaida ni 20, kwa hiyo peptidi za asidi amino mbili mbili zinazowezekana ni 400 tu, basi. Mnyororo mzito wa mayosini una asidi amino zaidi ya 1,900. Utaacha vipi kuvikuta humo vipande vifupi vilivyomo kwenye orodha? Ni sawa na kufungua gazeti, ukakuta neno "na", ukashangilia. Ingiza protini ya maharage, ya mbuzi, hata ya kunguni ukipenda, majibu yatajaa tu.

Halafu programu hizi huchukulia kwamba kila panapoweza kukatwa pamekatwa. Tumbo la mtu halifanyi kazi hivyo. Chakula kinapita, ukali wa asidi unabadilika, na kwenye ukuta wa utumbo vipo vimeng'enya vingine vinavyoendelea kuvunjavunja. Peptidi ya asidi amino mbili au tatu ina mlango wake wa kuingilia, PepT1. Ndefu zaidi ya hapo kupenya kwake ni kwa taabu.

Benchi la Maabara

Mkuu, heshima yako, lakini napinga.

Kwanza, unajua gharama? Vimeng'enya vya maabara vinakuja na barafu, umeme ukikatika wikiendi nzima umeshavipoteza. Mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu mwenye kompyuta mpakato na bando la intaneti anaweza kuchuja maelfu ya vipande akabaki na kumi vya kupimwa. Bila kuchuja, atapima kwa kubahatisha mpaka pesa iishe.

Pili, dawa zenyewe za presha zina historia ya namna hii. Kaptoprili ilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazil, Bothrops jararaca. Mtafiti Sérgio Ferreira alionyesha mwaka 1965 kwamba sumu ile ina kitu kinachoongeza nguvu ya bradikinini, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa ya damu, na kitu hicho kikaonekana kuwa ni peptidi zinazozuia ACE. Wakati watafiti Cushman na Ondetti wanaibuni kaptoprili hakuna aliyekuwa ameliona umbo la ACE. Walilikisia kwa kutazama kimeng'enya kingine, kaboksipeptidasi A. Dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Picha ya umbo la ACE ya binadamu ilikuja 2003! Yaani dawa ilitoka kwenye kielelezo cha kufikirika. Leo kielelezo ni bora mara nyingi, na wewe unataka mtu anyimwe shilingi?

Mtoa mada

Mfano mzuri, ila umeukatia katikati. Kila walichokikisia walikipeleka maabara, kikishindwa wanarudi kuchora upya. Na ile peptidi ya nyoka, teprotaidi, yenye asidi amino tisa, ilishusha presha kwa sindano. Kwa kumeza haikufaa, ndiyo maana ikabidi ibuniwe molekuli ndogo. Makala hizi za samaki zinazungumzia chakula cha kumezwa.

Muuguzi wa Kliniki

Naingilia kidogo. Mimi ugomvi wangu ni kile kinachotokea makala ikishatoka. Inageuka bango la WhatsApp, bango linageuka unga kwenye pakiti, na mgonjwa anakuja presha iko juu, ukimuuliza dawa anasema "niliacha, natumia supu ya samaki".

Wajapani walikwenda mbali kuliko wote. Wana utaratibu rasmi wa vyakula vya afya, FOSHU, tangu 1991, na peptidi za samaki bonito aliyekaushwa ziliingia humo kwa ajili ya watu wenye presha iliyopanda kidogo. Maarufu yao inaandikwa LKPNM (kila herufi ni asidi amino moja), na ACE yenyewe inaikata ikawa LKP yenye nguvu zaidi. Angalieni, ile ilipatikana kwa kummeng'enya samaki maabara kwa themolisini, kimeng'enya cha bakteria. Ikapimwa kwa panya, ikapimwa kwa watu. Pamoja na hayo yote, mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipopitia ushahidi ilisema haujathibitisha kwamba peptidi za bonito zinasaidia kuweka presha sawa. Sasa kama yenye majaribio ya watu imegomewa, ya kompyuta tupu tuiiteje?

Jambo jingine halisemwi kabisa. Dawa za kuzuia ACE huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na mjamzito hapewi kwa sababu zinamdhuru mtoto. Anayedai peptidi yake inafanya kazi ileile aandike na onyo hilo. Akiona haya kuliandika, basi hata yeye haiamini.

Mwaloni Kirumba

Shikamooni wasomi. Mmeongea sana juu ya mashine, mimi nauliza mali ghafi itatoka wapi. Maana mwisho wa makala hizi huwa wanamalizia na "mabaki ya viwanda vya samaki".

Mabaki yapi? Hapa Mwanza minofu ya sangara inakwenda Ulaya, mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) yanakwenda China. Kinachobaki ni mapanki, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Wenzetu wa Kisumu wanayaita mgongo wazi. Hayo yanakaangwa, yanauzwa, yanaliwa na watu ambao kilo ya minofu wanaisikia tu. Zamani bondo lilikuwa la kutupa. Leo kilo yake inaipita minofu kwa mbali na mvuvi mdogo analitazama kwa macho. Mapanki yakigeuzwa unga wa dukani wa kumshusha presha mtu wa mjini, huyu mama anayekaanga pembeni mtamwambia akale nini?

Benchi la Maabara

Kaka, hapo sina jibu, na kwenye maandiko ya kuomba fedha sijawahi kuona anayeuliza hilo. Magamba labda, na ngozi kiasi. Magamba hayaliwi na kolajeni imo.

Mtoa mada

Magamba sawa. Nibadilishe pendekezo langu basi: fedha ya umma itolewe kwa kompyuta na maabara kwa pamoja, kwa mkataba mmoja. Kipimo cha ACE kinachotumika sana ni cha mwaka 1971, kinatumia kimeng'enya cha mapafu ya sungura na mashine ya kupima mwanga ambayo vyuo vingi wanayo. Chagua peptidi tano bora za kompyuta yako, changanya na tano ulizookota bila kuchagua, mpimaji asijue ipi ni ipi. Tano zako zikishinda, tuzungumze hatua ya panya. Zisiposhinda, uchapishe hivyo hivyo.

Na kwenye pakiti kusiandikwe neno presha. Hapa Tanzania chakula kiko chini ya TBS (shirika la viwango) na dawa chini ya TMDA (mamlaka ya dawa), muuzaji achague mlango mmoja.

Benchi la Maabara

Hizo tano za kuokota nazikubali, ni kipimo cha haki. Ila peptidi safi inaagizwa nje na inalipiwa kwa dola, kumi ni fedha. Mkataba wako uitaje hiyo bajeti wazi, vinginevyo utakuwa umetufungia mlango kwa lugha ya upole.

Muuguzi wa Kliniki

Mtoa mada, wewe mwenyewe dawa umemeza leo?