Fundi wa Mtwara mjini amenipigia Windows mpya juu ya mafaili niliyompelekea anirudishie

Wakuu, salaam. Nina malalamiko dhidi ya fundi mmoja wa kompyuta hapa Mtwara mjini. Sitalitaja jina lake wala la duka lake, lakini alichokifanya nataka kijulikane, kwa sababu walimu wenzangu wawili, mmoja wa Masasi na mwingine wa Lindi, wameniambia kwamba nao walifanyiwa vivyo hivyo na mafundi wengine.

Jumatatu jioni kompyuta yangu ilijisasisha, ikajizima na kujiwasha, na nilipoingia nikakuta mafaili yote hayaonekani, hata picha niliyokuwa nimeiweka mbele imeondoka. Ulitokea ujumbe wa kunieleza kwamba kompyuta imeshindwa kuingia kwenye akaunti yangu, kwamba nitoke, na kwamba lolote nitakalolitengeneza hapo litapotea. Niliupiga picha kwa simu. Nilipoiangalia diski C nikaona bado imejaa kama ilivyokuwa siku iliyotangulia, na hata mimi ninayefundisha Kiswahili nilijiuliza: kama mafaili yamefutika, ni nini kinachoijaza diski?

Nilimweleza fundi haya yote na kumwonyesha ile picha. Nilimwambia mara mbili, mke wangu akiwa amesimama pembeni, kwamba mashine yenyewe si shida yangu, ninachotaka ni mafaili. Akajibu, "Usijali mwalimu, kesho mchana pitia." Kesho yake alinikabidhi kompyuta iliyofomatiwa, yaani diski imeandaliwa upya kama tupu, na kupigwa Windows mpya, akadai shilingi 35,000, na kuniambia kwamba ameniwekea na filamu za bure. Nilipouliza mafaili yako wapi, alisema, "Yale yalishapotea, mwalimu, lakini mashine sasa ni nyepesi."

Hayakuwa yamepotea. Ujumbe ule maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kuisoma akaunti ya mtumiaji na kumfungulia akaunti ya muda, ambayo kwa kawaida huwa tupu, huku folda yake halisi ikiwa bado imo ndani ya diski. Jambo hili si geni. Mwezi Februari 2020 sasisho moja la Windows 10 liliwatia baadhi ya watumiaji katika hali hiyo hiyo, na mafaili yao yalikutwa katika folda ya Users, ila jina la folda lilikuwa limeongezewa .bak au .000 mwishoni. Kuifungua folda hiyo ni kazi ya dakika mbili. Fundi asiyejua hata pa kuanzia kutazama angeweza kuichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine na kunakili kila kilichomo kabla ya kugusa chochote, au basi angenipigia simu, kwani namba yangu aliiandika mwenyewe kwenye risiti.

Kinachonitia uchungu zaidi ni zile filamu. Diski yangu ni ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka, na katika diski za namna hiyo fomati ya haraka haiondoi data yenyewe. Huondoa orodha inayoonyesha kila faili lilipo, na data hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Palikuwa bado pana nafasi ya kuokoa mengi. Yeye akaandika Windows juu yake, kisha akajaza gigabaiti 60 za filamu ambazo sikuziomba. Fundi wa pili aliyejaribu kuyaokoa mafaili kwa PhotoRec, programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa, alipata picha 212 kati ya karibu 3,000, hazina majina wala tarehe, na nyingine zimekatika katikati.

Rekodi za sauti ya marehemu mama yangu hazifunguki hata moja. Nilimrekodi kule Newala, akisimulia kwa Kimakonde jinsi walivyokuwa wakishuka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo vichwani. Ni kweli kwamba sikuwa nimeweka nakala mahali pengine, na lawama hiyo naipokea. Lakini siku ninampelekea yule kijana kompyuta, sauti ya mama yangu ilikuwa bado imo ndani.

Nimemtaka anirudishie shilingi 35,000 zangu, akasema kazi aliifanya. Namtaka pia, yeye na wenzake wote, waache kufomati diski ya mtu bila kumwambia waziwazi kwamba kila kilichomo kitaondoka na kusubiri jibu lake.

Na ninaomba msaada. Diski nimeichomoa, nimeihifadhi, haijawashwa tena tangu yule fundi wa pili. Rekodi zilikuwa mafaili ya sauti ya aina ya m4a, zilizotengenezwa kwa simu. Kama kuna mtu hapa Mtwara au Lindi aliyewahi kuunganisha vipande vya mafaili ya namna hiyo, aniandikie. Hata kama yuko Dar es Salaam nitapanda basi niilete mwenyewe mkononi.