Keki ya mti wa Krismasi wa kusimama: inatitia, majani yanateleza

Mpambaji_Makole: Wadau, habari. Nina oda ya keki ya mti wa Krismasi wa kusimama, kimo sentimita 28, itapelekwa Kisasa kwa bajaji. Ya majaribio imeinama ndani ya saa mbili na majani ya krimu yameteleza. Sponji ya kawaida, krimu ya majarini. Nirekebishe keki au krimu?

JikoAreaD: Vyote, ila anza na keki. Sponji haibebi kimo hicho. Uzito wa juu unaikandamiza ya chini, inatoa tumbo, mti unalala. Oka keki nzito: unga, siagi na sukari gramu 250 kila kimoja, mayai 5. Kwa mti wako zidisha mara mbili na nusu. Ifunge ilale usiku mzima, ichonge kesho yake ikiwa baridi. Ya moto inamong'onyoka tu.

Duara nne: sentimita 20, 16, 12 na 8, kila moja kimo cha 7. Chini weka ubao wa plaiwudi wa sentimita 30, na fimbo safi ya mbao, unene milimita 8 hadi 10, iliyokazwa kwa skrubu kutoka chini ya ubao. Fimbo iishie kama sentimita 2 kabla ya kilele. Kijiti cha mshikaki hakifai, kinapinda. Chini ya duara ya tatu weka kadibodi ya keki yenye tundu katikati, ibebwe na mirija minne minene iliyokatwa sawasawa na kimo cha keki zilizo chini yake. Mrija mmoja ukizidi hata kidogo, mti wote unakaa upande.

Mpambaji_Makole: Asante mkuu. Na krimu?

SukariYaUnga: Majarini yana maji na yanalainika mapema, na joto la Desemba hapa Dodoma unalijua. Siagi gramu 250, mafuta ya mgando ya kupikia gramu 250, sukari ya unga kilo 1 (ichekeche, madonge yanaziba nozeli, ile ncha ya mfuko wa krimu), maziwa yasizidi vijiko viwili. Rangi iwe ya jeli. Ya maji inailegeza. Kijani hukolea kikikaa, kwa hiyo acha kabla hakijafika unapotaka.

Paka kwanza tabaka jembamba la kushika makombo, friji nusu saa. Ukiliruka hilo, majani yanashika makombo badala ya keki, ndiyo hayo yanayoteleza. Nozeli ya nyota, anzia chini kuelekea kilele ili kila safu ifunike mashina ya safu iliyo chini yake. Jani lisizidi sentimita 3. Mfuko ujaze nusu, kiganja kinapasha krimu.

JikoAreaD: Nyota ya juu ifinyange kwa donge la sukari siku mbili kabla ikauke, uishikilie kwa kipande cha spageti mbichi. Kijiti cha meno mtoto atakitafuna.

Kwenye bajaji keki ikae sakafuni juu ya kitambaa chenye unyevu, kiti kimeinama. Itoke friji moja kwa moja, na ubebe mfuko wa krimu ya kuziba pengo ukifika.