Mahakama Marekani imekataa hataza (patenti) za AI (akili bandia), app yangu ya zabibu ndo basi tena?

Mtoto wa Hombolo:
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma hapa, nimetengeneza app, unapiga picha jani la mzabibu inakwambia kama ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, au vumbi tu, maana kiangazi huku kwetu hivyo viwili ukiangalia haraka haraka vinafanana kabisa na mtu anapiga dawa bure. Picha nimezikusanya mwenyewe Hombolo na Mpunguzi misimu miwili, jua la saa saba mnalijua. Nilikuwa najipanga niende BRELA, wale wa kusajili kampuni na hataza, kuomba hataza ili uvumbuzi wangu ulindwe, sasa jana jamaa kanirushia habari eti mahakama ya rufaa Marekani imesema vitu vya AI havipewi patenti. Niache?

Wakili Area C:
Jamaa yako kaishia kwenye kichwa cha habari. Hiyo ni kesi ya kampuni ya Recentive dhidi ya kampuni ya Fox, Aprili 2025, Federal Circuit, mahakama ya Washington ambako rufaa za hataza za Marekani ndo zinaenda. Recentive walikuwa na hataza nne za kupanga ratiba za matukio na vipindi vya TV kwa mashini lening, yaani AI ya kompyuta kujifunza kutoka kwenye data. Majaji wakasema kuchukua mashini lening ya kawaida, ambayo kila mtu anayo, ukaihamishia kwenye data mpya siyo uvumbuzi, hata kama wewe ndo wa kwanza kuipeleka huko. Hawakusema AI yote marufuku, ukiboresha namna yenyewe inavyofanya kazi hiyo ni habari nyingine.
Halafu hukumu ya kule haiwafungi BRELA. Hataza inalindwa nchi kwa nchi, au unapitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, ukataja nchi wanachama unazotaka kwa ombi moja. Ila swali la wale majaji jiulize na wewe: ukitoa AI na ukitoa zabibu, kinabaki nini chako?

Mtoto wa Hombolo:
Mmh. Modeli, yaani AI yenyewe, kusema kweli niliidownload ya bure nikaipa picha zangu. Ila kuna kikofia cha plastiki unabana kwenye kamera ya simu, kina kimpira kama kile cha kusafishia lenzi, app inapiga picha ya kwanza, unabonyeza kimpira kinapuliza jani, inapiga ya pili. Vumbi linapeperuka ubwiri unabaki, app inalinganisha hizo mbili. Bila hicho inakosea sana.

Wakili Area C:
SASA HAPO NDO PENYEWE, na umeshapamwaga jukwaani ndugu yangu 😩 Sheria yetu inataka kitu kiwe kipya, kisiwe kimewekwa hadharani. Omba mods (wasimamizi wa jukwaa) wafute sasa hivi, andika tarehe na saa, kesho asubuhi uwe kwa wakili. Zile code za app ni hakimiliki, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usizichanganye na faili la hataza.

Fundi Chang'ombe:
Mi nimeshaskrinshoti 😂 natania mkuu. Ila si uliipeleka Nanenane Nzuguni? Nakumbuka kuna dogo alikuwa na simu na majani ya zabibu kwenye beseni.

Mtoto wa Hombolo:
Ndo mimi. Nilionyesha app tu, kikofia kilikuwa kwenye begi kimpira kimepasuka nikaona aibu kukitoa.

Wakili Area C:
Huo mpasuko umekuokoa. Mods mko wapi?